Fimbo Mbili Zilizoshukia Shelui

Mtaa wa Misuna,
Singida Mjini.
Jumapili, 9 Juni 2024.

Mpendwa mdogo wangu Abdulmajidi,

Assalaam aleykum. Naomba barua hii ikukute mzima huko Naivasha, wewe na mkeo na mtoto, na baridi ya ziwani iwe haijakurudishia kile kifua chako. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mungu. Upepo wa Juni umeanza, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na alizeti karibu zote zimeshavunwa. Mama yuko salama. Miguu inamsumbua asubuhi, lakini jua likipanda anatoka mwenyewe mpaka uani na kuanza kutukosoa.

Nimekusalimu kwa sababu nimelelewa kusalimu. Sasa kaa chini usome polepole. Nina hasira na wewe, na sitaki kuisema kwa simu. Kwa simu unacheka, unasema "Dada bwana," halafu mtandao unakatika upande wako tu. Karatasi haikatiki.

Mwezi wa pili nilikuomba kitu kimoja. Unajua sina tabia ya kuomba. Nilikueleza kwamba tangu nianguke kwenye bodaboda mwaka jana, mfupa wa mkono wa kulia umeunga lakini mkono haupandi kupita bega. Ule mwanzi wangu wa kuvulia wa miaka yote siwezi kuurusha tena. Nikiunyanyua, maumivu yanaingia mpaka shingoni. Nikakuambia, wewe unafanya kazi ya kuwazungusha wageni kwa boti wakivua wale samaki wenye mdomo mpana mnaowaita besi, na fimbo nzuri za kuvulia unazishika kila siku. Nitafutie moja nyepesi, fupi, yenye ncha laini, na ile rili ya kukunjia mshipi, ili nitupe kwa kiganja tu bila kunyanyua bega. Nilikutajia hata urefu, kutoka chini mpaka kidevuni mwangu. Ukajibu, "Nimekuelewa, Dada."

Ulinielewa nini? Ndilo ninalotaka kujua.

Ukatuma fimbo mbili. Hapo sikulaumu, ni moyo mzuri. Lakini hukuziandika jina. Ukampa Gasto, yule dereva wa lori anayepitia Sirari na Mwanza, ukamwambia azishushe Shelui kwa Kaka Ramadhan, Kaka achague, inayobaki ije kwangu. Kaka Ramadhan, Abdulmajidi. Mtu anayeuza spea za magari kando ya barabara kuu, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kutia mnyoo kwenye ndoana.

Mwezi uliopita nikaletewa mzigo stendi. Nilipoufungua nikaona fimbo ndefu, nyeusi, ngumu kama ufito wa kuezekea, na mshiko mnene usioenea mkononi mwangu. Ni fimbo bora, sibishi. Huko kwenu nadhani ndiyo inayomtoa samaki mkubwa kwenye majani bila kumbembeleza. Lakini mimi navua perege wa Ziwa Singidani. Perege hali kwa pupa. Anagusa, anaacha, anagusa tena. Kwenye fimbo ngumu namna ile huwezi kumsikia mpaka ameshamaliza mnyoo na kwenda zake. Na hata ningemsikia, fimbo yenyewe siwezi kuinyanyua.

Nilimpigia Kaka. Akaniambia ile nyingine ameipenda, ina nyuzi za dhahabu pale kwenye pete, ameitundika dukani juu ya kaunta na wateja wanaiulizia. Nikamwambia ile ndiyo niliyoomba. Akasema, "Mimi ndiye mkubwa, nimechagua, na yaishe."

Mama naye akanitaka niache. Akasema kaka ni baba, na fimbo si shamba la kugombania. Nilimtii siku tatu. Siku ya nne nilikwenda ziwani na mwanzi wangu wa zamani, nikarusha mara mbili, nikakaa juu ya jiwe nikaushika mkono huku natokwa na machozi. Jirani yangu Martina, yule anayekaanga samaki wangu mlangoni kwake, alikuja akanichukulia mwanzi bila kuniuliza kitu. Njiani nikamwambia, kesho nakwenda Shelui.

Nilipanda basi Jumatano asubuhi, fimbo ndefu nimeifunga kwenye khanga. Nilimkuta Kaka kaunta, na ile fupi juu ya kichwa chake kama picha ya harusi.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Hiyo umeirudisha ya nini?"

"Nimeileta tubadilishane. Hii siiwezi."

"Zawadi haibadilishwi. Aliyezituma ndiye aliyesema nichague, nami nimechagua."

"Unavua wapi, Kaka? Dukani?"

Wateja wawili walicheka. Hakufurahi. Akafungua droo, akatoa karatasi akaiweka mbele yangu. "Ugomvi wako si wa kwangu," akasema. "Soma mwenyewe, halafu umpelekee anayehusika."

Ulikuwa mwandiko wako. Sikuhitaji kuuliza, mkunjo wa herufi zako nilikufundisha mimi. Umeandika: "Kaka, chagua wewe kwanza uipendayo. Utakayobakiza mpe Dada, yeye hata mwanzi unamtosha, kujifurahisha tu."

Nilisoma nikiwa nimesimama. Nikasoma tena. Kujifurahisha tu. Abdulmajidi, ile sare ya darasa la tano uliyoringa nayo ilitoka kwenye samaki wa kujifurahisha. Mboga ya Mama ya wiki hii nayo ni ya kujifurahisha. Niliondoka nyumbani na hasira ya Kaka, lakini palepale kaunta ikahama yote ikaja kwako, naye akabaki kuwa mtu aliyeambiwa chagua akachagua.

Shemeji yako Hajira alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma muda wote huo. Yeye hapendi kelele. Alipanda kwenye kiti, akaitungua ile fimbo fupi, akamwambia mumewe, "Tokeni uani mkazijaribu. Atakayeiweza ndiye mwenyewe." Kaka akaguna, lakini mbele ya wateja hakuweza kukataa.

Tulifunga nati mwishoni mwa mshipi badala ya ndoana. Hajira akaweka tairi bovu katikati ya uwanja, hatua kama ishirini kutoka tuliposimama. Kaka akatupa kwanza kwa ile fupi. Aliivuta nyuma kama mtu anayepasua kuni, nati ikaenda juu, ikagonga bati la jirani. Akarudia. Mshipi ukajikunja kwenye rili kama nywele za asubuhi, Hajira akakaa chini kuufungua.

Mimi nilianza na ile ndefu. Nilitaka nisionekane nimekuja na jibu langu. Niliishika kwa mikono yote miwili, nikainyanyua. Ilifika kifuani ikagoma. Nikakaza meno nikajaribu tena, fimbo ikaangukia miguuni mwangu. Wale wateja walikuwa wametufuata, nao wakageukia upande mwingine.

Kaka akanisogelea. Akanishika kiwiko, akanikunjia mkono wa blauzi juu kidogo akaona kovu la mshono lilivyo na bega lilivyolala. Akauliza kwa sauti ndogo, "Ndivyo mkono wako ulivyo?"

"Ndivyo ulivyo tangu mwaka jana."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema, Kaka. Nilikupigia nikiwa wodini. Ukasema una mzigo unashusha, utanipigia."

Kutoka Shelui mpaka Singida ni basi la asubuhi na unarudi mchana huohuo, na alikuwa hajaja hata siku moja. Wewe uko nchi ya watu, una sababu. Yeye hana, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alijiona hana. Aliokota ile ndefu akaisimamisha ukutani. Kisha akanipa ile fupi.

Nilirusha kwa kiganja tu, bega likiwa limetulia. Nati ilitua ndani ya tairi. Ya pili ikagonga ukingo ikaingia. Ya tatu sikurusha, sikwenda kule kuonyesha mchezo. Kaka akasema, "Ichukue. Hii nyingine itabaki hapa mpaka Abdulmajidi mwenyewe aje aseme ni ya nani." Hajira alinifungia mchele na kuku mzima nije nimpikie Mama, na Kaka mwenyewe akanisindikiza mpaka basi linaposimama. Ijumaa alikuja Singida. Alikaa na Mama mpaka alasiri, na wakati wa kuondoka akaniuliza dawa ninazotumia ni zipi. Kwa hiyo yeye na mimi tumeyamaliza.

Wewe bado.

Usidhani nagombea fimbo, fimbo ninayo. Na ungenikunjulia zote mbili ukaniambia, "Dada, ipi?" hata ningechagua vibaya ningelala na furaha. Ninachokasirikia ni kwamba mimi ndiye niliyeomba, mimi ndiye ninayevua, mimi ndiye mwenye mkono mbovu, na mtu aliyeulizwa ni yule asiyejua mnyoo unatiwa upande gani. Ulijua yote hayo, nilikuandikia. Ukaona heshima ni kumpa mwanamume achague, na dada abaki na makombo.

Kuna jambo jingine, nalo limeniuma kuliko karatasi. Juzi Martina alinionyesha video yako kwenye simu yake. Uko kwenye boti, mgeni anakuuliza umejifunza wapi kuvua, nawe unajibu kwa Kiingereza. Martina akanitafsiria. Unasema baba yako alikufundisha ukiwa mdogo, kando ya ziwa.

Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani pale sokoni. Alivyoogopa maji, hata mvua ikinyesha alikuwa haitoki nje. Hakuwahi kukupeleka ziwani hata siku moja. Aliyekupeleka Ziwa Kindai ukiwa na miaka sita, kaptura imekupwaya, ni mimi. Aliyeweka kidole chako kwenye mshipi na chake juu yake, akakuambia usivute mpaka umsikie mara ya pili, ni mimi. Kwenye ile video nimekuona unamfanyia mgeni hivyohivyo, kidole juu ya kidole. Kazi unayokula nayo niliitoa mkononi mwangu nikaiweka mkononi mwako, na leo unampa sifa marehemu ambaye angekushangaa.

Sijui kama uliona haya kusema ni mwanamke, au ulisahau kweli. Lolote kati ya hayo, nitakuchukia kidogo mpaka unieleze.

Jana alfajiri nilikwenda Singidani na hiyo fimbo. Ni nzuri mno, mdogo wangu, siwezi kuificha hiyo. Ncha yake ni laini hata upepo unaisemesha, na perege akigusa unamsikia kwenye kiganja kama mtoto anayekuvuta nguo. Niliwatoa tisa kabla jua halijakaza, na mkono haukuniuma. Mama alikula wawili akaomba wa tatu. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa na nguvu.

Usinitumie kitu kingine. Usitume hela ya kunituliza, nitairudisha kwa Gasto huyohuyo. Mpigie Mama, Idd iko karibu na anahesabu siku tangu asikie sauti yako. Halafu akija mgeni mwingine kwenye boti akakuuliza nani alikufundisha kuvua, mjibu. Sema ni dada yangu, anaitwa Sijaona, yuko Singida, na bado anavua. Useme kwa Kiingereza, useme kwa Kiswahili, mradi Martina aione na anitafsirie.

Msalimie sana mkeo, umbusu mtoto kwa niaba ya shangazi yake. Mama anakusalimu na anakuombea. Kaka Ramadhan na Shemeji Hajira wanakusalimu, Kaka anasema fimbo yako inakaa tu ukutani. Martina naye anakupa salamu, anasema video zako zinamlia bando. Mwenyezi Mungu akulinde juu ya maji na nchi kavu, akufungulie riziki, na akulainishe kichwa.

Ni mimi dada yako wa tumbo moja, akupendaye na ambaye hajakusamehe,

Sijaona