Maji ya Ziwa Ndani ya Rejeta

Baraka, 11 Novemba 2023

Kwako Pulchérie, mdogo wangu,

Nakusalimu, wewe na shemeji na wajukuu wote huko Kigoma. Natumaini goti lako limepata nafuu, na kwamba ile dawa unaipaka mwenyewe badala ya kuwagawia majirani. Mimi ni mzima, ila bado nashtuka nikisikia Kibembe chetu sokoni. Kila mara nadhani ni mtu wa nyumbani ananiita.

Umeniuliza mara mbili kama nimefika Kilembwe kwenye kaburi la mama. Nilikujibu kwamba gari limeharibika. Ni kweli, na nitakueleza lilivyoharibika.

Dereva anaitwa Assumani, mtu wa hapa ukingoni mwa ziwa, mpole, mwenye gari kuukuu la abiria. Jumatatu tulipoanza kupanda kwenda Fizi, njia ya Kilembwe, mshale wa joto ulipanda pamoja nasi, na kwenye kona ya tatu mvuke ukatoka chini ya boneti. Tukangoja injini ipoe, tukajaza maji, tukarudi. Jumanne alibadilisha mkanda wa feni. Likachemka pale pale. Jumatano aliitoa kalorstati, kile kizibo kinachoyafungulia maji njia yakishapata moto, akasema sasa hakuna cha kuyazuia. Likachemka. Abiria wakahamia gari jingine, na mama mmoja alimuaga akisema, “Papa Assumani, gari yako iko muzuri ya kupika mihogo.”

Alhamisi alishika spana ili afungue kichwa cha injini. Hapo nilimzuia. Nilimwomba awashe, na bomba la juu lilipokuwa moto wa kuunguza, nikamwambia aweke kiganja katikati ya rejeta. Palikuwa baridi: maji ya moto hayakupita. Nikamuuliza hujaza maji gani. Alinishangaa. Ya ziwa, akasema, masafi, batoto benyewe banakunywa.

Nilimwomba mkewe, Samira, alete birika. Ndani lilikuwa na ukoko mweupe, mgumu kama ganda la yai. Samira alicheka mpaka akakaa chini. Alimwambia mumewe kwamba yeye hulisugua birika kwa ndimu kila mwezi, na mwenzake amelipikia gari chai miaka miwili bila kuliosha.

Tulizikamua ndimu zake zote, tukajaza rejeta, tukaiacha injini iungurume polepole, tukamwaga. Yakatoka maji mazito kama uji. Tulirudia mara tatu mpaka yakatoka safi, kisha tukatia maji ya mvua. Jana tulipanda hadi Fizi na kurudi. Mshale haukupita katikati.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu. Unakumbuka nilivyofanya kazi gereji hapo Kigoma miaka kumi na moja, na magari yaliyojazwa maji ya ziwa hili hili. Nilijua tangu Jumatatu. Assumani alipokwenda kutafuta jiwe la kuzuia gurudumu, niliigusa rejeta, nikakuta katikati baridi, nikanyamaza. Siku tatu nilimwacha mtu mwema afungue vitu vizima na achekwe.

Mwaka wa tisini na sita tulimzika mama, na siku ya nne tukakimbia vita. Hatukuweka msalaba, mawe tu. Miaka ishirini na saba nimekuwa nikikutajia mahali penyewe: hatua kumi na mbili kutoka kisimani, upande wa mlima. Naogopa nitafika nisikute kitu, na niwe mimi wa kukuambia. Kila gari lilipochemka, Pulchérie, moyo wangu ulitulia.

Nimemweleza Assumani. Akasema, “Mzee, ungesema tu unaogopa. Mi ningekuambia gari imekufa, bila kufungua kitu.”

Amekwisha kuwasha injini, ananingoja twende Kilembwe. Barua hii nampa mama wa samaki anayevuka ziwa leo, na naitoa mkononi kabla sijapanda garini, kwa makusudi. Utakapoisoma utajua kwamba gari ni zima.

Wasalimie wote, mkubwa kwa mdogo, na ukae na amani.

Kaka yako,
Isidore