Dakika Ishirini Bila Kuipumzisha Moteri

Jumamosi, jioni. Joto la leo lilikuwa la kukausha mate mdomoni. Mvua bado inajivuta, vumbi la mtaa wetu wa Kasungami limeingia mpaka kwenye kopo la sukari, na chini ya kucha zangu kuna weusi ambao hata sabuni ya kufulia imeshindwa kuutoa. Lakini nina furaha. Naandika kabla haijapoa.

Leo tumewasha moteri ya lori la Papa. Mara ya pili.

Mara ya kwanza ilikuwa miezi mitatu iliyopita, na ukweli wake sijawahi kuuandika hapa. Mimi ni fundi wa magari. Kazi nilifundishwa na Papa, aliyezeekea kwenye karakana ya treni na ambaye sasa ana lori moja tu, la kuleta mahindi kutoka Lukafu. Moteri yake ilichoka, tukaifungua yote, tukanunua arbre à cames mpya, ile fimbo nzito yenye vinundu. Vinundu husukuma poussoirs, vile vikombe vidogo vya chuma, na poussoirs hufungua vali. Tulisafisha kila kitu kwa petroli mpaka kikang'aa. Ndani ya boksi kulikuwa na kipakiti cha grisi nyeusi. Nilikitupa pembeni, nikapaka vinundu oili kidogo kwa kidole, nikajiona hodari.

Halafu tukafanya kama tunavyofanya siku zote. Kwetu moteri mpya ikiwaka inaachwa ingurume polepole, ralenti, kama mama aliyetoka kujifungua. Majirani wanakuja kuisikiliza. Mama analeta kinywaji cha munkoyo kwenye ndoo, shangazi anaongoza sala. Hakuna anayekanyaga gesi mbele ya moteri mpya, ni kukosa adabu. Ilinguruma hivyo saa nzima, tamu kabisa, na Papa akafuta machozi bila kujificha.

Wiki ya pili ikaanza kugonga.

Nilipoifungua, vinundu viwili vilikuwa vimelika, na poussoirs zake zimechimbika katikati. Nilisoma kwenye simu siku mbili nzima mpaka nikaelewa. Vile vinundu havina bomba lao la oili. Vinangoja matone yanayorushwa na fimbo kubwa ya chini inapozunguka kwa kasi, na ikizunguka polepole hairushi kitu cha maana. Kwa moteri iliyokwisha kulainika si neno. Kwa chuma kipya, tena bila ile grisi nzito, ni kifo. Tuliipumzisha mpaka tukaiua.

Papa aliponiuliza, nilisema chuma kilikuwa kibovu.

Sikusema hivyo kwa kutojua. Nilikuwa nimeshaelewa, na niliona haya. Papa akaenda moja kwa moja kwa Baba Ramazani, mzee wa Maniema anayeuza vipuri sokoni, ndiye aliyetuuzia, akamfokea mbele ya wateja. Mzee alitoa arbre à cames nyingine na poussoirs zake mpya, akasema tu, "Mungu anayua." Mimi nilisimama pale nikitazama viatu vyangu. Tangu siku hiyo nikipita soko lile nazunguka njia ya nyuma.

Papa naye alisema hii ya pili ikifa, lori linauzwa kama chuma chakavu. Papa hasemi mambo mara mbili.

Kwa hiyo safari hii sikutaka mchezo. Poussoirs nimezilaza kwenye oili tangu jana. Kila kinundu nimekipaka ile grisi nyeusi, nene, mpaka Mama akauliza kama ninapaka mkate. Kisha nikachukua pompe yake ya zamani ya kunyunyizia dawa kwenye kabichi, niliyokuwa nimeiosha na kuikausha wiki nzima. Nikaijaza oili iliyopashwa na jua, nikaunganisha mpira wake kwenye tundu la kipimo cha presha ya oili, nikaanza kupampu. Mikono iliniuma, majirani wakacheka, mmoja akauliza ninaua wadudu gani. Nilipampu mpaka oili ikachungulia juu kabisa, kwenye vali. Moteri ilikuwa imeshiba kabla ya kuzunguka hata mara moja.

Nikatoa hewa kwenye mabomba ya mazoti, yaani dizeli, nikarudisha kipimo mahali pake, nikapanda, nikawasha. Ikashika mara moja. Na mimi nikakanyaga gesi, nikaishikilia hapo juu, nikihesabu dakika ishirini nilizosoma kwenye simu.

Uwanja mzima ulishtuka. Shangazi alikatiza sala. Papa alikuja mbio akipunga mikono: "Shusha! Shusha! Utaiua!"

Ningeshusha, ningeiua kweli. Kwa hiyo ilinibidi nimwambie palepale, tena kwa kupiga kelele, kwa sababu moteri ilikuwa inavuma. "Papa, ralenti njo iliua ile ya kwanza! Kile kyuma kilikuwa kizuri! Miye niliyua ukweli, nikanyamaza!"

Siri ya miezi hii yote, na aliyeisikia ni mtaa mzima.

Papa alisimama. Mimi niliendelea kukanyaga gesi, macho yangu kwenye kipimo cha oili. Kisha akafungua mlango wa lori. Nilidhani ananishusha. Akasema, "Songa." Akapanda, akaweka mguu wake juu ya gesi badala ya wangu, na akaishikilia mpaka dakika ishirini zikatimia, akiipandisha na kuishusha kidogo kidogo kama nilivyomwonyesha kwa mkono. Hakunitazama hata mara moja.

Tulipozima, tulimwaga oili ikiwa bado ya moto. Papa aliipitisha kwenye kitambaa cheupe cha Mama, akakigeuza juani huku na huku akitafuta vumbi la chuma linalometameta. Hakukuwa na kitu. Oili tu, na weusi wa grisi. Alikikunja kile kitambaa vizuri, akakitia mfukoni.

"Kesho kisha misa tunaenda kwa Ramazani," akasema. "Miye nitaomba musamaha ya kelele yangu. Ya uongo, weye njo utaomba."

Nitaomba. Naogopa, lakini nitaomba. Tutaenda na lori, nitaliegesha mbele ya duka lake, na moteri sitaizima. Mzee aisikie kwanza, ndipo nifungue mdomo.