Dawati la Nyuma

Kasulu, 4 Mei 2024

Babu, shikamoo.
Hamjambo huko Busunzu? Mguu wa Bibi unaendeleaje? Mimi afya ninayo, raha sina. Jana chuoni niliwasilisha mada mbele ya darasa, halafu wenzangu wakatoa maoni. Wote wakasema, "Hongera, umejitahidi." Mwanaheri peke yake akasimama: "Esteri, ulikuwa unaongea na sakafu. Huku nyuma hatukusikia kitu." Mkufunzi akamuunga mkono. Narudia tarehe kumi na saba. Nikishindwa, siendi mazoezi ya kufundisha. Na huyo Mwanaheri nalala naye chumba kimoja. Sisemi naye.
Mjukuu wako,
Esteri

Busunzu, 13 Mei 2024

Mke wangu mdogo,
Marahaba. Mguu wa bibi yako umepona. Juzi kanikimbiza nao. "Umejitahidi" ni maneno ya kumpa mtoto aliyechelewa kufika chooni. Ndiyo tunayompa katekista Felisiani kila Jumapili, na kila Jumapili tunasinzia. Jana nikamwambia: "Sauti nzuri, mahubiri marefu kama ukoo wa mke wangu." Sasa hanisalimii, kama wewe na Mwanaheri.
Kuinamisha macho ni adabu yetu Waha, lakini hao si wakwe zako. Watazame. Kondakta wa basi anayekuletea barua hii ana maharage yako; nusu ya Mwanaheri, mpe kwa mkono wako. Mwambie akae nyuma kabisa, sauti ikizama ainue mkono.
Mumeo mzee,
Babu Bazilio

Kasulu, 18 Mei 2024

Babu, shikamoo.
Poleni na baridi. Mwanaheri alikula maharage, tukacheka, akakaa nyuma. Aliinua mkono mara moja tu. Nimefaulu, nakwenda mazoezi.
Ila dirishani kulikuwa na kofia ninayoijua, na mtu akapaza sauti, "Kaza, mama, huku nje pia tuna masikio." Mkufunzi akauliza yule mzee ni wa nani. Nikamtazama usoni nikasema, "Ni wangu."
Mjukuu wako,
Esteri

Busunzu, 20 Mei 2024

Mke wangu,
Marahaba. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wangu, ambao haukupanda basi lolote. Mzee huyo simjui.
Felisiani bado hanisalimii, ila jana alihubiri kwa ufupi, tukatoka macho makavu, bila usingizi.
Bibi yako aliniuliza ulifanyaje. Nikasema, "Amejitahidi." Akainua mwiko. Ndipo nikamwambia kweli: ulisikika mpaka barabarani, waendesha bodaboda wakazima pikipiki.
Babu yako