Usaili wa Dirisha la Pili

MAELEZO YA SHAHIDI

Kuhusu: Uvamizi wa tawi la benki na kujeruhiwa kwa mlinzi
Jina la shahidi: Limehifadhiwa kwenye jalada kwa usalama wake
Umri: Miaka 49
Kazi: Kufua na kupiga pasi nguo za watu
Elimu: Darasa la nne
Makazi: Nyumba za kupanga nyuma ya karakana ya mbao, chumba cha mwisho

Nimeelezwa na afande kwamba nikisema uongo hapa nitashtakiwa mimi mwenyewe. Nimeelewa. Nasema kwa hiari yangu, na akili zangu ninazo.

Mimi ni mama mzazi wa binti aliyeko mahabusu ya kituo hiki tangu Jumamosi. Ni mwanangu wa pili, ana miaka ishirini na minne. Amesomea uhasibu chuo cha hapa mjini. Baba yake alifariki mtoto akiwa mwaka wa kwanza, nikammalizia mimi kwa kazi ya pasi.

Binti yangu anajua hesabu, lakini ana woga wa watu. Alishaitwa kwenye usaili mara mbili kabla ya huu. Mara ya kwanza waliomba ajieleze, akataja jina lake halafu akanyamaza mpaka wakamshukuru. Mara ya pili aliulizwa akikuta noti bandia atafanya nini, akalia. Alirudi nyumbani akaniambia, "Mama, jibu nilikuwa nalo. Mdomo ndio haukufunguka." Hakula siku hiyo, na mimi sikula.

Alipoitwa mara ya tatu, na benki, kazi ya keshia, nikasema safari hii haendi mikono mitupu. Nilimfuata jirani yetu ambaye ni keshia wa duka kubwa. Mtaani tunamwita Risiti, kwa sababu hata akinunua kiberiti lazima adai risiti. Nilimwomba atufundishe maswali wanayopenda kuuliza. Alikuja jioni akaketi chumbani kwangu akayataja, mimi nikiyashika kwa kichwa maana kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Tueleze kuhusu wewe. Kwa nini unataka kufanya kazi na sisi. Mteja akikutukana utafanyaje. Jioni ukifunga hesabu ikakataa utamwambia nani. Ukivamiwa na wezi utafanya nini.

Tangu siku hiyo kila jioni tulifanya usaili. Mimi nilikuwa benki, yeye alikuwa yeye. Meza ya kupigia pasi ndiyo ilikuwa dirisha. Nilivaa miwani ya marehemu mume wangu ili nifanane na mtu wa ofisi, na mdogo wa binti yangu akacheka mpaka nikamtoa nje. Maswali ya Risiti yakiisha niliongeza ya kwangu. Nilimuuliza, "Shangazi yako akija dirishani na shida zake, anataka umpitishe mlango wa nyuma?" Akajibu, "Shangazi atapanga foleni kama wenzake." Nikamwambia, "Basi shangazi yako hatutamwona tena kwenye msiba wala harusi." Akajibu, "Mama, hilo swali si la benki, ni la ukoo." Nilifurahi. Mtoto alikuwa ameanza kujibu bila kutazama chini.

Swali lililomshinda lilikuwa la wezi. Kwa mdomo alilijibu, lakini Risiti alisema mdomo hautoshi. Hapa naomba afande aandike vizuri, kwa sababu ndipo mambo yote yalipoanzia. Risiti alituambia, "Siku hizi hawaulizi tu, wanakujaribu kwa vitendo." Akatusimulia kwamba yeye alipokuwa anasailiwa aliingia mwanaume akamfokea kuhusu chenji, akamrushia kikapu, naye akajizuia akamjibu kwa adabu. Alikuja kujua baadaye kwamba yule mwanaume alikuwa shemeji wa meneja, wamempanga. Tuliyashika maneno yale, mimi zaidi.

Kwa hiyo nikawa mwizi. Nilijifunga kitambaa usoni, nikashika mwiko, nikaingia kwa kishindo. Mara ya kwanza alipiga kelele akaangusha kikapu cha vibanio. Mara ya pili alicheka. Risiti akampa utaratibu: mikono iwe juu ya kaunta ionekane, usikimbie, usibishane, ongea kwa sauti ya chini, mwambie unachotaka kufanya kabla ya kukifanya, toa anachodai. Alimwambia, "Pesa ina bima, wewe huna." Tukarudia kila jioni. Nilikuwa namshika vidole. Vikicheza nilimwambia, "Bado, toka nje tuanze upya." Jioni ya mwisho kabla ya usaili nilimshika, havikuchezacheza hata kidogo. Nilimkumbatia na mwiko wangu mkononi.

Mnamo Jumamosi iliyopita, saa tano asubuhi, nilimsindikiza mpaka benki. Nilitaka kumsubiri nje ukutani, lakini mlinzi wa mlangoni, mtu mzima wa makamo yangu, akaniambia, "Mama, ingia ukae, jua litakuunguza. Ila usimjibie." Nikamwambia, "Baba, mdomo nimeutia kufuli." Akacheka. Akanipa kiti chake karibu na mlango, yeye akasimama.

Benki ilifungwa saa sita, wateja wakatoka. Walibaki wasailiwa watatu, meneja, na mama wa utumishi mwenye faili. Wakasema kila msailiwa atakaa dirisha la pili na meneja atakuwa mteja. Wawili wa kwanza walimaliza wakaambiwa waende. Binti yangu alikuwa wa mwisho. Nilimsikia anajibu. Alisema, "Karibu, nikusaidie nini?" kwa sauti iliyonyooka. Niliangalia sakafu ili machozi yasinitoke mbele za watu.

Ilipokaribia saa saba, mlango uligongwa. Walikuwa wanaume wawili wenye bahasha za kaki na barakoa. Walimwambia mlinzi kwamba wameitwa kwenye usaili wakachelewa. Mlinzi akawafungulia. Mmoja mrefu alikwenda moja kwa moja dirisha la pili akatoa bastola. Mfupi alibaki mlangoni. Yule mrefu akafoka wote walale chini. Meneja na mama wa utumishi wakalala.

Afande ameniuliza kwa nini mimi sikulala. Sikulala kwa sababu nilijua ni usaili. Nilisema moyoni, lile la Risiti hilo limekuja. Nilimwona meneja alivyolala haraka, nikasema watu hawa wamejipanga.

Binti yangu aliweka mikono miwili juu ya kaunta. Akamwambia yule mrefu, "Nafungua droo ya kulia. Nitatumia mkono mmoja." Akaifungua, akatoa fedha za asubuhi akaziweka mbele yake. Sauti yake ilikuwa ileile ya chumbani kwetu. Hapo nikashindwa. Nikasema kwa sauti, "Hapohapo mwanangu! Umeweza!"

Nakubali kwamba nilisema hivyo. Nakubali pia kwamba nilicheka. Mama wa utumishi amesema ukweli katika hilo, simlaumu.

Yule mrefu aligeuka kunitazama. Barakoa yake, iliyolegea kwa kufoka, ikashuka chini ya kidevu. Nilimtazama usoni kama ninavyomtazama afande sasa hivi, maana nilimdhania mfanyakazi wa benki na nilitaka amwonee huruma mtoto. Nilimwambia, "Kaka, kwa leo inatosha, ameshajibu." Akaniambia, "Mama, samahani, lala chini." Kwa jinsi alivyosema samahani nikazidi kuamini kwamba ni mtu wa ofisi. Ni mweupe kiasi, uso mwembamba, jino la mbele la juu limevunjika nusu, na nyusi zinakaribia kukutana. Nikimwona tena nitamtambua.

Wakati yule mrefu ananitazama mimi, mlinzi aliruka kumkamata mfupi. Mfupi akampiga kichwani na kipande cha chuma. Mlinzi alianguka pembeni ya kiti nilichokalia. Ninasema jambo hili kwa shida. Nilidhani anaigiza. Nilisema kimoyomoyo, huyu mzee anajua kuanguka. Kisha nikahisi unyevu kwenye vidole vya mguu, nikatazama chini, ilikuwa damu inaingia kwenye kandambili yangu.

Sikumbuki waliondoka vipi. Nakumbuka binti yangu akipita chini ya ubao wa kaunta, akavua kitambaa chake cha kichwani, akakibana kwenye jeraha la mlinzi kwa nguvu. Mimi nilikuwa bado nimekaa. Nikamuuliza, "Huu nao ni usaili?" Akaniambia, "Mama, nyamaza sasa. Ni kweli. Ni kweli tangu mwanzo." Nikamuuliza, "Ulijua?" Akasema, "Nilimwona meneja analia." Alimwita mama wa utumishi ainuke apige simu ya gari la wagonjwa, akamtajia na namba. Aliendelea kubana jeraha mpaka gari likafika.

Polisi walipofika, meneja aliwaambia kwamba msichana hakuonyesha woga hata mara moja, na kwamba mama yake alikuwa anashangilia. Wakaulizana mtu asiye mfanyakazi amekaaje dirishani saa ileile wezi wanaingia. Wakamchukua akiwa na damu ya mlinzi mpaka kwenye viwiko. Aliniambia tu, "Mama, usisahau kuzima pasi." Pasi haikuwa imewashwa.

Jana nilikwenda hospitali. Mlinzi hajazinduka. Mke wake alikuwa mlangoni, nikamwambia mimi ndiye niliyekalia kiti cha mume wako. Akanisogezea nafasi tukakaa.

Naomba kusema jambo la mwisho. Asubuhi hii, kabla sijaja hapa, alikuja shemeji yangu, baba mdogo wa watoto, ambaye anasema anayajua mambo ya vituo vya polisi. Aliniambia, "Shemeji, ukifika kule sema mtoto alikuwa anatetemeka kama mgonjwa wa homa. Sema wewe ulikuwa unalia, sio kucheka. Ukisema hivyo jioni mnalala naye nyumbani." Nikamuuliza, "Na wakijua nimedanganya?" Akasema, "Nani atajua? Wewe ni mama, mama hulia." Nimetembea nalo hilo njia nzima. Ninamtaka mwanangu nyumbani kuliko shemeji anavyojua. Tangu Jumamosi nalikunja blanketi lake nalikunjua.

Lakini hakutetemeka, afande. Mimi ndiye niliyemshika vidole kila jioni mpaka vikatulia. Nikisema leo vilitetemeka, nitakuwa nimemnyang'anya kitu alichokitafuta tangu shule ya msingi. Na mkimwachia kwa kutetemeka ambako hakukuwepo, siku mtakapojua mtamrudisha, na hapo sitakuwa na la kuwaambia. Hawajui wale watu. Simu yake mnayo, itazameni. Mtu akifanya vizuri jambo alilofundishwa, hilo si kosa, na kama ni kosa basi mwalimu niko hapa mbele yenu.

Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu na kuyatamka kwa kinywa changu, sina la kupunguza.

Dole gumba la shahidi: (limewekwa)

MAELEZO YA ASKARI ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mimi Koplo wa upelelezi, leo Jumatatu, na kumsomea shahidi mwanzo hadi mwisho. Aliyakubali isipokuwa mahali pamoja. Pale binti anapotoa fedha kwenye droo nilikuwa nimeandika kwamba alizitoa "kwa hofu kubwa". Shahidi alinizuia, akasema maneno hayo hakuyatamka. Nilimweleza kwamba yanamsaidia mtoto wake. Aliniomba maji ya kunywa, akanywa, kisha akasema, "Yakate." Nimeyakata na kunakili upya ukurasa huo.

Nimelinganisha maelezo haya na ya jirani yake ambaye ni keshia, aliyehojiwa leo asubuhi katika chumba kingine bila wao kuonana. Yanakubaliana kuhusu mazoezi, mwiko na maneno aliyofundishwa binti. Simu ya binti imekaguliwa na hakuna mawasiliano ya kutiliwa shaka. Shahidi huyu ndiye pekee aliyemwona mshukiwa mrefu usoni. Napendekeza binti aachiwe kwa dhamana ya mama yake.

Shahidi yuko kwenye benchi la nje. Amekataa kwenda nyumbani kusubiri.

Kwa mwandiko wa mkuu wa upelelezi, pembeni ya ukurasa: Nimekubali. Binti atolewe sasa. Wote wawili waje Alhamisi kwa gwaride la utambulisho wa washukiwa, mama aingie wa kwanza.