Hofu ya Usukani

Jumatatu, 4 Februari

Leo nusura tumuue bibi Stoyanka. Nasema "tumuue" ingawa aliyeshika usukani ni Zahari. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni, kimya, tangu tunatoka nyumbani.

Ilikuwa pale penye kivuko cha waenda kwa miguu, mbele ya duka la mikate. Mtu mzima, koti la buluu, mkoba mkubwa — na mume wangu hakumwona kabisa! Nikapiga ukelele. Breki. Bibi akalipiga boneti kwa mkoba wake: We Zahari, umelewa asubuhi yote hii?

"Jua limenipiga machoni," Zahari akaniambia tulipoondoka.

Jua! Mawingu yameulalia mji wetu wa Smolyan tangu Ijumaa.

Daktari wa macho kule mjini Plovdiv alimwambia mwezi uliopita bila kumung'unya maneno. Nyuma ya jicho pameharibika, katikati haoni vizuri, pembeni ndiko kumebaki. Sindano kila mwezi, na kuendesha gari ndiyo basi. Akaitikia vizuri kama mwanafunzi. Tulipotoka nje akachukua funguo mfukoni. Miaka thelathini amebeba magogo kwa lori kwenye milima hii. "Mimi nipande basi kama furushi?"

Leseni ninayo mimi pia. Imelala kwenye droo tangu nina miaka ishirini na sita, tangu siku ile nilipokwama ndani ya handaki la barabara ya kwenda Plovdiv. Vidole vilikufa ganzi, kifua kikabana, nyuma yangu honi tupu. Hakuna aliyeumia. Hakuna hata kilichokwaruzika. Mtu nisiyemjua alishuka kwenye gari lake akalitoa langu. Basi, ikawa ndiyo mwisho. Nikishika usukani mikono inakuwa ya mtu mwingine.

Lakini kukaa pembeni na kunyamaza — hapana. Siwezi tena.

Alhamisi, 7 Februari

Saluni yangu imejaa. Mvua ya theluji nje, wanawake wanakuja zaidi kupata joto kuliko kutengeneza nywele. Dochka, yule mwalimu wa chekechea, alikuwa chini ya kikaushio akapaza sauti kama kawaida yake: eti kuna daktari Ralitsa anayekuja zahanati kila Jumanne, anawalaza watu usingizi kwa maneno. Hipnosi. Dada yake aliacha sigara hivyo.

Bibi Stoyanka naye alikuwepo, kichwa kizima rola. "Atakufanya ubweke kama mbwa, Nevena! Niliona kwenye televisheni. Jamaa alikula kitunguu kibichi akidhani ni tufaha."

"Afadhali nibweke kuliko mume wangu akugonge, bibi," nikamwambia.

Wote wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniangalia kwenye kioo, kisha akasema polepole, Nenda mwanangu. Nenda.

Nimepiga simu. Jumanne saa tisa.

Jumanne, 12 Februari

Hakuna saa ya kuning'iniza kwenye mnyororo. Hakuna macho makali. Daktari Ralitsa ni mwanamke mfupi mwenye mafua, anavaa soksi za sufi ndani ya viatu vya wazi. Kochi lake limepasuka pa kuwekea mkono. Nilikata tamaa mlangoni kabisa.

Nilidhani nitazimika kama taa. Sikuzimika! Nilisikia kila kitu: bomba la joto likigonga, mbwa wa mtu, yeye akipenga kamasi. Aliniambia nitazame kidoa ukutani mpaka macho yachoke. Yakachoka. Aliniambia nishuke ngazi, ngazi zozote ninazozipenda. Nikashuka zile za mawe za nyumba ya mama. Halafu akasema mkono wangu wa kulia ni mwepesi, ni mwepesi sana, na mimi moyoni najibu, Wapi! mkono ni mkono tu. Nilipofumbua macho ulikuwa hewani. Sijui ulipanda lini.

Nimerudi kwa miguu. Nilijihisi kama mtu aliyetoka kuoga.

Jumatano, 13 Februari

Zahari amenifanyia mzaha siku nzima. "Bibie, una usingizi? Nikupigie makofi uamke?" Nimemwambia nikiamka ndipo atakapojuta.

Asubuhi alimimina kahawa nje ya kikombe. Nikafuta kabla hajajua. Au alijua.

Jumanne, 19 Februari

Sijui kama naweza kuandika hili sawasawa.

Leo Daktari Ralitsa alinifanya niendeshe gari kwenye barabara ya Plovdiv, nikiwa nimelala pale kochini. Alinitanguliza kwa maneno: funguo, mkanda, gia. Usukani una joto la jua, akasema. Na kweli ulikuwa na joto! Nikaenda. Nikaona handaki linakuja, nikajua sasa ndiyo. Nikaingia. Hakikutokea kitu. Giza, taa, mwanga wa upande wa pili. Nikatoka nikipumua kama mtoto.

Hapo akaniuliza, "Bi Nevena, pembeni yako amekaa nani?"

Nikageuka kutazama. Hakuna mtu. Kiti kitupu, mkanda umening'inia.

Nikaanza kulia. Si machozi ya kistaarabu — kwikwi, kamasi, yote. Ananiambia nipumue, niko salama, naweza kurudi nikitaka. Sikutaka kurudi. Nilitaka kumtafuta Zahari.

Nimewaza njia nzima. Kumbe miaka yote hii nimeliogopa handaki bure? Hapana, handaki lilikuwa handaki, vidole vilikufa kweli. Lakini hofu ya sasa si ile ya zamani, imevaa tu koti lake. Kila siku ambayo siendeshi mimi, Zahari bado ni Zahari, dereva, mtu wa kunipeleka. Siku nitakayokaa mahali pake nitakuwa nimekubali kwa mikono yangu miwili kwamba haoni. Na kwamba iko siku nitaendesha peke yangu.

Sikumwambia hili. Nilipika maharage. Akasema yamekosa mnanaa. Kweli yalikosa.

Jumamosi, 23 Februari

Nimewasha gari! Uani tu. Zahari alijifanya anasoma gazeti ambalo hawezi kulisoma, nikaona pazia likicheza.

Nilikaa kwanza. Nikabana kidole gumba na cha shahada kama alivyonifundisha daktari, nikahesabu pumzi. Ganzi ilianza kwenye vidole vidogo. Nikaiacha ianze. Ikafika kwenye viganja, ikasimama hapo kama mgeni asiyekaribishwa ndani. Nikaachia klachi. Skoda ikaruka kama mbuzi, ikazima.

Nikacheka peke yangu garini. Mara ya tatu nikafika getini.

Ijumaa, 1 Machi

Zahari amenifunga uzi wa Machi mkononi, mwekundu na mweupe, wa kukaribisha majira ya kuchipua, kama kila mwaka. Fundo lilimshinda. Akafumba macho, akafunga kwa vidole peke yake, likakaa sawa.

"Ukitazama sana ndiyo unakosea," akasema.

Nikambusu kwenye upara.

Jumanne, 5 Machi

Nilimwuliza Daktari Ralitsa kama nimepona. Akasema yeye hapendi neno hilo. Usingizi huu hauondoi kitu, unakupa nafasi ya kufanya mazoezi mahali ambapo hapana lori nyuma yako. Hofu inaweza kurudi, akasema, tena ikarudi siku mbaya kabisa. Tofauti ni kwamba utaijua ikianza.

Nilitaka jibu jingine. Lakini nilimpenda zaidi kwa kutonidanganya.

Jumapili, 10 Machi

Siku mbovu.

Tulitoka pamoja, mimi kwenye usukani, yeye pembeni. Tulikubaliana twende mpaka mji wa jirani, Chepelare, na kurudi. Hata hatujavuka daraja:

"Gia! Badili gia, inalia!"

"Nimesikia."

"Unakanyaga breki kama unaua mende. Mwache huyo apite. Kona! Kona, mwanamke!"

"Unaiona wewe hiyo kona?"

Limenitoka tu. Halafu akaanza tena, mbaya zaidi: naendesha kama ninayekanda unga, hata mbuzi wa bibi Stoyanka angenishinda. Nikasimamisha gari kando, nikawasha taa za tahadhari, nikamwambia, Shuka.

"Nini?"

"Shuka, Zahari. Leo naendesha mimi au naendeshwa?"

Akashuka! Akabamiza mlango. Nikaenda Chepelare peke yangu. Sikubana vidole, sikuhesabu chochote, hasira ilinipeleka. Nikageuza pale kwenye uwanja, nikarudi. Nilimkuta anatembea kwenye theluji ya kando ya barabara, mabega yamepanda masikioni. Nikasimama. Akaingia. Suruali imelowa mpaka magotini.

Nyumbani alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, jambo geni. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo:

"Nikikaa pale sijui niweke wapi mikono."

Nilitaka kumwambia kuhusu kile kiti kitupu. Nikasema tu, "Iweke popote. Niwekee mimi mmoja begani." Akasema begani nitaona kero. Labda.

Alhamisi, 14 Machi — Plovdiv, hospitali

Tumefika! Tumefika! Niko kwenye benchi la korido, yeye yuko ndani kwenye sindano.

Tulikuja polepole kama maandamano ya mazishi, foleni ndefu nyuma yetu, na mimi sijali. Kwenye handaki vidole vilianza. Nikasema kwa sauti, "Vimeanza." Zahari akasema, "Haya." Basi. Haya tu! Hakuna gia, hakuna kona. Tukatoka kwenye mwanga. Akafungua karatasi ya banitsa, mkate wetu wa jibini, akanipa kipande mkononi, mimi naendesha na kutafuna kama dereva wa lori.

Nesi amepita. Anasema amevumilia vizuri, dakika chache anatoka.

Alhamisi hiyo hiyo — njiani, juu ya korongo

Ukungu. Ulishuka ghafla baada ya ile kona ya kanisa dogo. Taa zangu zinamulika pamba tupu. Nyuma lori, honi, honi, honi. Ganzi ikapanda mpaka kwenye viwiko. Kidole gumba sikukihisi, nitakibanaje? Nikaona pa kuegesha, nikajitupa humo. Lori likapita likitukana.

Nilishindwa kuzima hata waipa. Zahari alinishika shingo nyuma, kiganja chake kizito, akasubiri. Halafu akafungua mlango. Nilidhani anakwenda kuvuta sigara, nikachukua kalamu kwa sababu kuandika kunarudisha vidole.

Hakuwasha sigara. Amezunguka akaja upande wangu. Jicho moja lina kitambaa cha hospitali, la pili linatoa machozi.

"Sogea," anasema kwenye kioo cha dirisha. "Kipande hiki nakijua. Nilikipita kwenye ukungu mara elfu. Nimalizie mimi, Vena. Nitakurudishia ukungu ukiisha."

Sauti ya upole, si ya ugomvi. Hiyo ndiyo inaniua. Mwili wote unataka kusogea. Ni kujivuta tu upande wa pili, nifumbe macho, anipeleke nyumbani kama siku zote.

Ananyoosha mkono kwenye kitasa. Ameshika hewa. Ameshika tena. Sasa amekipata.

Nimebonyeza kufuli.

Nimemwambia kupitia kioo: Zunguka. Ingia upande wako. Tunangoja ukungu pamoja, au tunakwenda polepole, lakini naendesha mimi.

Mkono umeachia kitasa. Anapapasa bati kwenda mbele, kiganja hakibanduki kwenye gari, kama anayelituliza. Amefika mbele ya taa. Amesimama hapo katikati, ukungu mpaka kiunoni, ananitazama — au anatazama mahali anapodhani nipo.

Nimewasha injini ili asikie nilipo. Vidole vinauma sasa, damu inarudi. Namngoja azunguke aje kukaa pembeni yangu.