Ufa wa Kilomita ya Pili

Kambini, 2 Machi

Bibi yangu, mke mwenzangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, magoti yakiwa yametulia, na yule mume wetu bado anakoroma mchana sebuleni na kukana akiamshwa. Mimi sijambo, ila vumbi la saruji linanikohoza kama pikipiki kuukuu. Ningekupigia, lakini huku hakuna mtandao, na hata ungekuwepo, masikio yako na simu hayapatani tangu mwaka juzi. Basi mwenye lori la saruji ndiye posta yetu.

Bibi, nimeingia ndani ya kilima! Lile handaki linalopeleka maji ya bwawa mjini limekaushwa, kama wanavyofanya kila baada ya miaka sita, na sisi wakaguzi tunapita humo kwa miguu kutafuta nyufa. Ukienda hatua mia tano tu, mchana wote unabaki nyuma yako, mdogo kama tundu la sindano. Nikainua ile tochi uliyonipa siku nilipoajiriwa. Kumbe juu yetu kuna dari ndefu kama nyumba ya ghorofa tatu, imechorwa na maji rangi ambazo sijui hata majina yake. Nililala chali kuitazama, Bibi. Mimi, uliyesema nilizaliwa nikikimbia.

Sasa shida. Kwenye kilomita ya pili niliona ufa darini. Niliuona sekunde moja, kisha tochi ikapepesa, ikazimika. Taa za kofia hazifiki juu. Tochi za kampuni ni za kutafutia ndala chini ya kitanda. Kebo ya taa kubwa ya jenereta inaishia mita mia nne. Msimamizi amenisikiliza, akasema, "Binti, ufa wa kusimuliwa mimi siuzibi. Nionyeshe." Maji yanarudishwa tarehe 30, na chini ya sehemu ile ya kilima kuna nyumba za watu. Nimezihesabu, kumi na nne.

Wewe uliyefufua redio na taa za mtaa mzima miaka arobaini, niambie nifanye nini.

Mjukuu wako

Nyumbani, 6 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mume wetu ameamka, amekana, amelala tena. Hicho kikohozi ufunge kitambaa mdomoni, acha urembo.

Tochi haiponi kwa kutikiswa, najua umeitikisa. Nenda hatua kwa hatua, kutoka nyuma kwenda mbele. Kwanza betri: azima mita ya kupimia umeme kwa fundi umeme wa kambi, upime. Ikijaa inasoma volti nne na kidogo. Ncha zake uzifute kwa kitambaa chenye spiriti. Pili, swichi: fungua kifuniko cha nyuma ukiweke pembeni, kisha kwa kipande cha waya uunganishe kitako cha betri na ukingo wa bomba la tochi. Ikitulia, mgonjwa ni swichi. Ikipepesa vilevile, swichi haina kosa, usiisingizie.

Tatu, kichwa. Ukikifungua utakuta kibao cha duara, kidogo kama sarafu, kimekaa kwenye kikombe cha shaba. Hicho ndicho draiva. Kinapokea umeme wa betri na kuipimia taa kiasi chake, isiungue wala isififie. Lakini huko usipoteze muda. Draiva hiyo niliibadilisha kwa mkono wangu kabla sijakupa, na niliijaribu mezani ikawaka saa nzima.

Bibi yako

Kambini, 10 Machi

Bibi kipenzi,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua, nimefunga kitambaa, nafanana na mwizi wa kuku. Magoti je? Hukuyataja.

Nimefanya ulivyosema. Betri inasoma nne nukta moja. Ncha nimezifuta mpaka zikang'aa. Nimeiruka swichi kwa waya, lakini nilipoingia nayo handakini ikapepesa vilevile. Basi nikafungua kichwa. Bibi, hukuwahi kuniambia kwamba humo mna mji mdogo! Vitu kama punje za mchanga vimepangwa kwenye mstari, kila kimoja na kazi yake, na mtu fulani mahali fulani alikaa akafikiria vyote hivyo. Nimekitazama kile kibao mpaka chai ikapoa.

Nikakishika kwa dole gumba palepale kwenye kikombe chake, nikagusisha nyaya. Ikawaka, nikaona nyota. Robo saa nzima haikutetereka. Nikaifunga vizuri, nikaingia nayo. Mita mia sita, ikazimika. Nimerudia mara tatu. Mezani malaika, handakini shetani.

Sina la kufanya tena. Nikutumie uitengeneze mwenyewe?

Mjukuu wako

Kambini, 18 Machi

Bibi,

Shikamoo. Lori limekuja mara mbili bila barua yako. Umeumwa? Mume wetu hajambo? Hata mstari mmoja ungenitosha.

Zimebaki siku kumi na mbili. Jana msimamizi kanipita bila kuniuliza kitu, na hilo limeniuma kuliko kama angenicheka. Nimeifunga tochi kwenye boksi na pamba. Lori lijalo linakuletea.

Mjukuu wako

Nyumbani, 20 Machi

Mke mwenzangu,

Usiitume! Mwenye lori ameahidi kukupa barua hii mkononi kabla hajapakua hata mfuko mmoja.

Marahaba. Magoti ni mazima. Hukuniuliza macho, na mimi sikutaka uulize. Barua yako ya tarehe 10 nimeisoma siku tano, kwa lenzi, dirishani, saa sita jua likiwa kali, neno moja moja. Jicho la kushoto limeshaaga. La kulia linaona ukungu na herufi kubwa. Ndiyo maana unaona mistari yangu inateremka kama imelewa. Mficha maradhi, kilio kitamfichua, na kilio changu nilikaribia kukupelekea wewe.

Nilipofika pale ulipoandika dole gumba, ndipo nilipoelewa. Mwanangu, mimi ndiye niliyekosea. Ile draiva inashikwa kwenye kikombe kwa madoa mawili ya risasi ya kulehemu, na kupitia madoa hayo umeme unarudi kwenye bomba. Nilipoyaweka sikuyaona vizuri. Nikajiambia yameshika. Kisha nikaijaribu mezani kama nilivyojaribu maelfu: nimeikandamiza kwa dole gumba. Kidole kilikuwa kinakibana kibao kwenye shaba. Ukikiondoa, tochi ikapata joto na kutikiswa na mwendo wako, kibao kinaachana na shaba na njia inakatika. Saa nzima nilikuwa naishikilia mwenyewe halafu najisifu kwamba inawaka.

Nimeona haya, nikashindwa kukujibu. Nisamehe siku hizo zilizopotea.

Sasa utalehemu wewe. Usiniambie hujawahi. Azima chuma cha kulehemu kwa yule fundi umeme. Kwangua ukingo wa kibao na shaba mpaka zing'ae, paka dawa ya kulehemu. Shaba inakunywa joto, usiionee huruma: ipashe kwanza, hesabu mpaka kumi, ndipo uguse kwa waya wa risasi. Gusa shaba, usiguse chuma. Risasi ikisimama kama tone la nta, haijashika, hata ikipendeza. Lazima itambae kama mafuta kwenye kikaango. Weka madoa manne, siyo mawili. Kisha usiishike. Iweke mezani iwake, urudi nyuma hatua tatu, mikono mgongoni.

Bibi yako, fundi wa zamani

Kambini, 26 Machi

Bibi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Naandika kwa herufi kubwa na kalamu nyeusi ili jua la saa sita la siku moja tu likutoshe. Nililia kidogo kwa ajili ya macho yako, halafu nikaosha uso nikaenda kuazima chuma.

Doa la kwanza lilisimama kama nta. Fundi umeme akataka kuninyang'anya kazi, nikamwambia nina mwalimu wangu. Nikalikwangua, nikapasha shaba, nikahesabu mpaka kumi. Lilipotambaa, Bibi, nilipiga kelele. Limetambaa kweli! Madoa manne. Nikaiweka mezani, mikono mgongoni, saa nzima. Haikunihitaji.

Kesho yake nikamchukua msimamizi. Kilomita mbili tulitembea kwa taa za kofia. Nikainua tochi, nikaiwasha kwa nguvu yake yote.

Sijui niseme vipi. Handaki lote lilikuja mbele yetu kwa mara moja. Ufa una mita kumi na moja. Unaanza darini, mwembamba kama unywele, unapita begani mwa ukuta wa kushoto, na katikati kidole changu kidogo kinaingia. Pembeni mwake chokaa imeota nyeupe, tabaka juu ya tabaka, kwa miaka ambayo hakuna aliyekuwa anaangalia. Matone yanatoka humo taratibu, na kila moja lilibeba mwanga wa tochi mpaka likaanguka. Msimamizi alivua kofia. Akasema kwa sauti ndogo, "Tungewafungulia watu wale maji."

Kibao kisichozidi sarafu kimetuonyesha tumbo la kilima.

Wameanza kuziba. Maji sasa yatarudishwa tarehe 20 Aprili, kisha hakuna mtu atakayeingia tena kwa miaka sita. Nyumba zote kumi na nne zimepewa habari.

Mjukuu wako

Nyumbani, 1 Aprili

Mke mwenzangu,

Marahaba, na kikohozi chako nakitakia safari njema.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya tatu nikamwamuru mume wetu anisomee. Alipiga kelele sikioni mwangu mpaka majirani wakaja kuuliza nani kafa. Nikawaambia hakuna aliyekufa, na hiyo ndiyo habari yenyewe.

Miaka arobaini nimetengeneza taa, Bibi yako mimi, na kuwarudishia wenyewe kupitia dirisha lile la chumba changu cha ufundi. Waliondoka nazo. Sijawahi hata mara moja kwenda nazo huko zilikokwenda kuwaka. Nilidhani kuwaka ni pale mezani.

Daktari anasema jicho la kulia bado linatofautisha mwanga na giza, lakini hakunipa ahadi ya mwaka mzima. Hiyo miaka sita yenu mimi sina. Nimezungumza na mwenye lori, Jumamosi ananipakia mbele. Mume wetu amegoma, kisha ameuliza kama kuna nafasi ya wawili. Mwambie msimamizi wako atafute kofia ngumu ya kichwa kidogo, na wewe ulete mkono wa kunishika.

Tukifika kwenye ufa, zimeni taa zote. Na wewe usiwashe tochi mpaka nikwambie. Nataka kwanza nihakikishe kwamba lile ni giza la kilima, siyo langu.

Bibi yako