Kijana Aliyekuja na Jina la Kaka Yangu

Mjukuu wangu Furaha,

Nakusalimia toka hapa Majengo. Sisi wote tuko wazima, na mama yako ameanza tena kuuza samaki kwenye soko la Kituku. Unauliza ni siku gani ilinishtua zaidi nilipokuwa mshauri wa kuajiri watu katika ofisi ya serikali.

Asubuhi moja nilifungua dosie, yaani faili, ya kijana aliyeomba kazi, nikakuta diploma na cheti cha kuzaliwa vya Kambale, kaka yangu marehemu. Karatasi hizo zilipotea tulipohama. Nikamwita kijana ndani.

"Mama yako anaitwa nani?"

Akataja jina la mama yangu bila kukosea.

"Huyo ni mama yangu mimi!" nikapiga kelele.

Akaanza kulia. "Unisamehe, mama. Nilizinunua sokoni Birere. Sikujua ni za mutu."

Nikamfukuza, na jioni nikampelekea mama yangu karatasi zile. Alizipapasa, kisha akaniuliza:

"Na huyo mutoto, jina lake mwenyewe ni nani?"

Hapo nilishtuka kuliko asubuhi. Sikuwa nimemuuliza.

Ukae salama, Furaha.

Koko yako